Waliobeba Makaa: Kisa cha Kreuz Market na Familia ya Schmidt

Tarehe 1 Septemba 1999, watu wa Lockhart, mji mdogo ulio kilomita 50 hivi kusini mwa Austin katika jimbo la Texas, walishuhudia jambo ambalo mpaka leo wanalisimulia. Rick Schmidt na watu wake walichota makaa yaliyokuwa yakiwaka katika matanuri ya Kreuz Market, nyumba ya nyama choma ambayo baba yake aliinunua mwaka 1948. Wakayatia kwenye karai kubwa la bati, wakaliburuta barabarani hadi jengo jipya lililokuwa mwendo wa chini ya kilomita moja. Matanuri mapya yakawashwa kwa moto wa zamani. Jengo la matofali walilolihama lilikuwa mali ya dada yake, Nina, naye hakulifunga wala hakulipangisha kwa mtu baki. Aliwasha moto wake humohumo na kutundika jina jipya: Smitty's Market.

Mkahawa mmoja ukawa miwili kwa namna hiyo. Watu walioletwa pale na babu zao wangali watoto, wakarudi na wachumba wao, kisha na watoto wao, walijikuta hawajui tena pa kwenda wanaposema "twende kwetu". Kwetu ni wapi, kule jina lilikohamia au hapa kuta zilipobaki?

Naishi Texas, nimekula nyumba zote mbili, na zote mbili nazipenda kwa dhati. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha waziwazi vitu ambavyo kwa kawaida hatuvioni vikiwa mbalimbali. Mkahawa wa familia unaopendwa una jina, una mahali, na una mikono inayoijua kazi. Ukiingia mlangoni na kununua nyama yako, hayo yote unayapokea kwa mpigo. Lockhart yalitenganishwa, na tukaona kila kimoja kina uzito gani. Rai yangu naitoa mapema: Mzee Schmidt aliwatendea watoto wake haki alivyoweza, lakini aligawa kitu ambacho kwa wateja kilikuwa kimoja. Nyumba zote mbili ziliponea kwenye mikono.

Bucha lililogeuka mkahawa

Mwaka 1900 Charles Kreuz alinunua duka dogo la nyama na vyakula pale Lockhart. Eneo hilo la kati ya Texas lilikuwa limepokea wahamiaji wengi wa Kijerumani na Kicheki katika karne ya 19, na baadhi yao walikuja na ufundi wa bucha: kuchinja, kutengeneza soseji, kukausha nyama kwa moshi. Nyama ilikuwa haikai. Iliyobaki bila kununuliwa mbichi ilibidi ichomwe kabla haijaharibika, na vipande visivyo na umbo vilisagwa vikawa soseji. Harufu ilifanya kazi ya matangazo. Watu wakaanza kununua ile iliyochomwa na kuila palepale, mikononi, juu ya karatasi iliyofungiwa.

Sahani hazikuwapo kwa sababu bucha halina sahani. Uma vilevile. Aliyetaka kitu cha kusindikizia nyama alivuka upande wa pili wa duka, kwenye vyakula, akanunua biskuti za chumvi, kipande cha jibini, kitunguu, nyanya, parachichi, achari ya matango. Mpangilio huo haujafa. Hadi leo, Kreuz na Smitty's, nyama unainunua kwenye chumba cha matanuri na kulipa hukohuko; kisha unaingia ukumbini na kununua vinywaji na vya kusindikizia kwenye kaunta nyingine. Mgeni anaweza kuona ni usumbufu kupanga foleni mara mbili kwa mlo mmoja, kumbe anatembea katika ramani ya duka la miaka mia iliyopita.

Msomaji wa Nairobi au Arusha hahitaji kuelezwa sana habari ya bucha lenye jiko nyuma. Tunazijua nyumba hizo: nyama inaning'inia dirishani, unachagua mguu au mbavu, inapimwa kwa kilo, unaketi na kusubiri. Lockhart huchagui nyama mbichi. Imekaa motoni tangu alfajiri, na wewe unataja tu unataka kiasi gani, kwa ratili.

Kuna jambo ambalo simulizi tamu za nyumba hizi hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Wateja wengi wa mabucha ya eneo hilo wakati wa mavuno walikuwa vibarua wa mashamba ya pamba, na miongoni mwao walikuwamo Wamarekani Weusi na watu wa asili ya Meksiko wengi, katika zama ambazo mikahawa mingi ya Texas haikuwakubali mezani. Bucha lilimuuzia yeyote mwenye senti zake, akaenda kula nje. Kula kwa mikono juu ya karatasi, jambo ambalo leo watalii hulipiga picha kwa furaha, limebeba pia historia hiyo. Kumbukumbu ya mahali pa kula inapokuwa tamu, ni vizuri kuuliza ni nani alikaa ndani na nani alisimama nje. Hilo halinipunguzii mapenzi yangu kwa nyumba hizi hata kidogo. Linanifanya nizikumbuke pamoja na watu wake wote.

Mwaka 1924 familia ya Kreuz ilijenga jengo la matofali ambalo ndilo kiini cha kisa chetu. Matanuri yake ni marefu, ya matofali, yanafika kiunoni, yamefunikwa kwa vifuniko vizito vya bati. Moto hauwashwi chini ya nyama. Magogo ya mwaloni yanawaka nje ya tanuri, sakafuni, kwenye mdomo wake, na upande wa pili kuna dohani inayovuta. Joto na moshi vinasafiri chini ya nyama kuelekea dohani. Kwa hiyo mchomaji anaamua kiasi cha joto kwa kuiweka nyama karibu na mdomo au mbali nao, na kwa kusukuma gogo mbele au kulirudisha nyuma. Lockhart huchoma kwa joto kali kuliko sehemu nyingi za Texas, na nyama ya bega, ambayo ndiyo ilikuwa fahari ya Kreuz kabla ya kidari kutawala nchi nzima, huiva kwa saa chache tu. Viungo ni chumvi, pilipili manga na pilipili kali kidogo. Basi. Sosi haikuwapo kabisa, na kwa miaka mingi Kreuz waliieleza sera hiyo kwa fahari kwamba hawana cha kuficha, na kwamba uma mteja amekuja nazo mwishoni mwa mikono yake.

Visu vilikuwapo, lakini vimefungwa kwa minyororo kwenye mbao za kulia, vya wote. Unakata nyama yako, unakiacha, jirani anakichukua.

Nani alikuwa "familia"?

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na utajiri, na ndipo wasimuliaji wengi hawakai vya kutosha.

Jina lililohama mwaka 1999, Kreuz, halikuwa jina la waliogombana. Edgar Schmidt, aliyeitwa na wote Smitty, aliingia katika duka hilo akiwa kijana mdogo miaka ya 1930, akafanya kazi chini ya familia ya Kreuz. Mwaka 1948 akalinunua kutoka kwao. Angeweza kubandika jina lake siku iyo hiyo. Hakufanya hivyo. Aliliacha jina la waajiri wake mlangoni kwa maisha yake yote, na wateja hawakuona mabadiliko yoyote ya kuwatia wasiwasi, kwa sababu aliyekuwa akiwakatia nyama jana ndiye aliyewakatia leo.

Kwa maneno mengine, "mkahawa wa familia" ulishawahi kuhama kutoka familia moja hadi nyingine, na haukupoteza chochote. Ulihama kwa mauzo ya kawaida, kwa kijana aliyekuwa ameshajifunza kuusikiliza moto. Damu haikuhusika. Jina lilibaki, mahali palibaki, mikono ilibaki. Wateja wakaendelea kusema "twende Kreuz", na watoto waliozaliwa baadaye wakakua wakidhani Smitty ndiye Kreuz mwenyewe.

Tendo hilo la 1948 ndilo mafanikio makubwa zaidi katika historia yote ya nyumba hii, na ni la kusikitisha kwamba hakuna anayelisimulia kwa sababu halikuwa na ugomvi.

Mgao

Mwaka 1984 Smitty aliwauzia biashara wanawe wawili, Rick na Don. Alipofariki mwaka 1990, jengo lilikwenda kwa binti yake, Nina. Ni kama mzee aliyewapa wana ng'ombe na binti zizi: kila mmoja amepata kitu cha thamani, na hakuna anayeweza kukitumia bila mwenzake.

Naelewa kwa nini mzazi afanye hivyo. Wana walikuwa wameshalipia biashara na walikuwa wakiifanya kazi. Binti naye alistahili fungu, na jengo lilikuwa fungu la kueleweka, linaloleta kodi kila mwezi bila yeye kulazimika kusimama mbele ya moto. Kwenye karatasi, ni mgao wa haki. Mzee alipokuwa hai, mwenye jengo na wapangaji wake walikuwa baba na wanawe, na uhusiano huo uliziba kila pengo ambalo mkataba haukuliziba. Baba hamfukuzi mwanawe, wala mwana habishani sana na baba yake juu ya kodi.

Baada ya 1990 mwenye jengo akawa dada. Kwake kodi ndiyo urithi wake. Kwa kaka zake kodi ni gharama inayotoka kwenye nyama wanayoiuza kwa jasho. Kodi ikipanda, upande mmoja unaona umepewa haki yake, mwingine unaona anafukuzwa taratibu nyumbani kwake. Don alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1990, Rick akabaki. Mkataba wa upangaji ulipofikia ukingoni, kaka na dada hawakuelewana juu ya masharti. Rick akaamua kujenga.

Sina upande. Nimewasikia watu wazima, kwenye meza za nyumba zote mbili, wakimlaumu mmoja au mwingine kwa uchungu utadhani ni ndugu zao wa tumbo moja. Mapenzi ya mteja yanaweza kuwa makali hivyo. Lakini nikiweka mezani kile kinachojulikana, naona watu wawili waliopewa vipande viwili vya kitu kimoja, kila mmoja akitetea kipande alichopewa na baba yake. Lawama kubwa naiweka kwenye nafasi iliyoachwa wazi kati ya 1984 na 1990. Miaka hiyo sita mzee alikuwa hai, biashara ilikuwa imeshauzwa, na kila mtu alijua jengo litakwenda kwa mtu fulani siku moja. Ilikuwa nafasi ya kuandika mkataba mrefu, wa miaka thelathini tuseme, wenye njia ya kupanga kodi kila baada ya muda kwa kutumia mthamini ambaye si ndugu, na kipengele kwamba jengo likiuzwa, biashara ndiyo ipewe nafasi ya kwanza kulinunua. Nina angekuwa na mapato yake ya uhakika. Rick angekuwa na paa lake la uhakika. Kipengele kama hicho hakihitaji upendo ili kifanye kazi, na ndiyo faida yake.

Kuna wanaosema ingekuwa bora kuweka jengo na biashara katika kampuni moja na kuwagawia watoto wote hisa. Mimi siamini. Anayeamka usiku wa manane kuwasha moto na asiyeamka wangekuwa na sauti sawa juu ya kila senti, na ugomvi ungehamia jikoni kabisa, mbele ya wateja. Afadhali mwenye jengo na mpangaji, kila mmoja na mpaka wake, mpaka uwe umeandikwa.

Kubeba moto

Makaa ya mwaloni hayana kumbukumbu. Yale yaliyoburutwa Septemba 1 yaligeuka majivu kabla ya siku kwisha, na kiberiti kingewasha tanuri jipya vizuri tu. Rick alijua hivyo, na kila aliyesimama kando ya barabara alijua hivyo. Wapiga picha walikuwapo, na bila shaka picha zile zilikuwa tangazo zuri.

Hata hivyo naamini tendo lile lilikuwa la kweli, na lilikuwa la busara. Mteja aliyepoteza mahali pake alihitaji kuonyeshwa kitu kimoja chenye kushikika kilichotoka pale na kuja hapa. Jina kwenye ubao ni maandishi. Ufundi hauonekani mpaka ule. Moto unaonekana, una harufu, na safari yake kutoka tanuri hadi tanuri watu waliifuata kwa macho. Baada ya pale hakuna aliyeweza kusema Kreuz mpya ni mkahawa mwingine uliokodi jina.

Na moto haukwenda peke yake. Wachomaji walikwenda nao. Roy Perez, aliyeanza kuchoma Kreuz miaka ya 1980 na aliyejulikana kote Texas kwa sharafa zake pana mashavuni, ndiye sura ambayo wateja wengi waliitafuta kwanza walipoingia jengo jipya. Alikuwapo mbele ya tanuri. Jengo lenyewe ni kubwa mno, na mwanzoni matofali yake yalikuwa masafi, bila hata alama ya moshi. Lakini matanuri yalijengwa kwa namna ileile: moto sakafuni mdomoni, dohani upande wa pili, vifuniko vizito vya bati. Soseji ikabaki ileile, sehemu 85 kwa 100 nyama ya ng'ombe na 15 ya nguruwe. (Wasiokula nguruwe mliojaaliwa kufika huko mlijue hilo mapema, na chopsi za nguruwe huchomwa kwenye matanuri hayohayo.)

Nina alibaki na tatizo la upande wa pili. Alikuwa na kuta nyeusi kwa moshi wa miaka 75, matanuri yenyewe, mbao za kulia zilizolika kwa viwiko na visu vya watu, na hakuwa na haki ya kulitumia jina lililokuwa mlangoni maisha yake yote. Akachukua jina la utani la baba yake. Mwanawe, John Fullilove, akashika matanuri. Mpangilio uliotokea unanigusa kila nikiufikiria: nyumba iliyobeba moto wa Smitty inaitwa kwa jina la bosi wake wa zamani, na nyumba ambayo hatimaye iliandika jina la Smitty ukutani ndiyo iliyowasha moto mpya.

Meza ya mjomba

Mjomba wangu alipokuja kutoka Machakos nilimpeleka Smitty's kwanza, kwa sababu nilitaka aingie kwa mlango wa nyuma. Ukitoka kwenye maegesho unaingia moja kwa moja kwenye chumba cha matanuri. Hakuna kizuizi. Foleni inapita pembeni ya moto, na magogo yanawaka sakafuni hatua moja kutoka miguuni pako. Mwezi wa nane Texas nje ni zaidi ya nyuzi 37. Ndani mle uso unakaza, macho yanawasha, na watu wanabadilishana nafasi taratibu ili aliye karibu na moto apumue. Mzee alisimama pale akiutazama mdomo wa tanuri, akainama kidogo kufuata moshi ulivyokuwa ukinyonywa ndani.

"Mpwa wangu, hawa hawachomi," akaniambia. "Hawa wanaupitisha moto tu, nyama inajichoma yenyewe."

Tulikatiwa nyama ya bega na kidari, ikatupwa juu ya karatasi ya kahawia, karatasi ikakunjwa, tukapewa na mkate mweupe. Ukumbini akauliza pilipili iko wapi. Nikanunua kitunguu, nyanya, parachichi na pilipili mbichi, kila kimoja peke yake kama duka lilivyowauzia wachuma pamba. Mjomba hakuuliza zaidi. Alichukua kisu cha plastiki akakatakata vyote juu ya pembe ya karatasi, akanyunyiza chumvi, akachanganya kwa vidole. Kachumbari ikawa tayari. Mzee mmoja wa Kizungu kwenye meza ya jirani, mwenye kofia pana, alimtazama kwa muda, akasogeza karatasi yake, akaomba aonje. Wakaanza kuongea. Alikuwa amezaliwa karibu na pale, baba yake alimleta akiwa na miaka mitano, na alituonyesha kwenye ule ujia mweusi mahali minyororo ya visu ilipofungwa zamani. Tangu 1999, akasema, mke wake huenda Kreuz na yeye huja hapa, na Krismasi hununua soseji kutoka pande zote mbili ili nyumba iwe na amani.

Saa moja baadaye tulikuwa Kreuz. Mjomba alikula soseji, akaisifu kuliko ya kwanza. Nyama ya bega akaipa Smitty's. Nakubaliana naye kwa yote mawili.

Kilichotokea baadaye

Mgawanyiko wa aina hii kwa kawaida huua upande mmoja, na mara nyingi huua zote mbili. Hapa haikuwa hivyo. Mwaka 2008 jarida la Texas Monthly lilipotaja nyumba tano bora za nyama choma katika jimbo zima, Kreuz na Smitty's zote zilikuwamo. Jimbo lenye ukubwa unaoizidi Ufaransa, na mbili kati ya tano zilikuwa watoto wa baba mmoja, katika mji wa watu wasiozidi 15,000. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu karai lile.

Bahati ilichangia. Mwaka 1999 huohuo Baraza la Wawakilishi la Texas lilipitisha azimio la kuitambua Lockhart kuwa makao makuu ya nyama choma ya jimbo, na miaka iliyofuata mapenzi ya Wamarekani kwa nyama ya namna hii yalipanda kuliko wakati wowote. Wageni waliofika mjini hawakuja kuchagua kambi. Walikuja kula sehemu mbili au tatu kwa siku moja. Ugomvi wenyewe ukawa sababu ya kwenda pande zote mbili.

Lakini bahati haichomi nyama. Sababu ya ndani ni kwamba kila upande ulibaki na watu waliokwisha kufundishwa. Kama Rick angehama na jina bila wachomaji, au kama kwa Nina kusingekuwa na mtu wa kusimama mbele ya matanuri yale siku baada ya siku, mmoja wao angekuwa sasa ni picha ukutani kwenye makumbusho ya mji. Ugomvi pia ulikuwa na mpaka ulio wazi. Jina lilikuwa la Rick, hakuna ubishi. Jengo lilikuwa la Nina, hakuna ubishi. Waliposhindwa kuelewana kila mmoja aliondoka na chake kizima.

Linganisha na familia nyingine ya mji huohuo. Black's wapo Lockhart tangu 1932, ukoo mmoja muda wote, na fahari yao ndiyo hiyo. Mwaka 2014 tawi moja la ukoo lilifungua Terry Black's mjini Austin, na mwaka huohuo tawi lililobaki na nyumba ya Lockhart nalo likafungua la kwake hukohuko Austin. Ndugu walitofautiana, na kilichogombewa kilikuwa jina, ambalo wote wamezaliwa nalo. Mteja anayepita barabarani anaona Black na Black, hajui aingie wapi wala anamkosea nani. Jengo unaweza kumpa mmoja kwa hati. Jina la ukoo kila mtoto anatoka nalo hospitalini, na hakuna mthamini wa kulikata.

Mwaka 2011 Rick alimkabidhi Kreuz mwanawe, Keith. Keith anaendesha nyumba yenye jina la mtu ambaye si babu yake, kwa moto uliowashwa na babu yake. Polepole amefungua milango ambayo baba yake aliifunga. Kuna vya kusindikizia vingi zaidi sasa, na wale wa zamani wananung'unika. Mimi sinung'uniki. Charles Kreuz naye aliuza kile ambacho wateja wake walikitaka. Kama wangetaka maharage, angewauzia maharage.

Watu wakiniuliza ni ipi kati ya hizi mbili ndiyo ya asili, huwaambia waende na mtoto. Wamwingize Smitty's kwa mlango wa nyuma, asimame pale foleni inapopita kando ya moto, aushike mkono wa mkubwa kwa hofu. Kisha wamvushe mtaa, waende Kreuz, wampe kipande cha mwisho cha soseji kilichoungua nchani, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Wakati wa kurudi wamuulize yeye atapenda kurudi wapi. Wangu alisema kote, na safari ijayo tumeshaipanga hivyo.